Fundo la Mgongoni

Kabla hatujafika kwenye somo la leo nina swali, na msinijibu haraka haraka. Mpiga gitaa anapopiga pale mbele, ninyi huwa mnamtazama mkono upi? Nimewauliza watu wengi, na karibu wote hunijibu kwamba ni wa kulia, ule unaokwenda juu na chini. Huo ndio unaoonekana una kazi. Wa kushoto uko kule kwenye shingo ya gitaa, umejikunja, mtu anadhani umelishikilia tu lisianguke. Sasa waulizeni wapigaji wetu hawa waliokaa hapa. Watawaambia kwamba wa kulia ukiachwa peke yake hakuna wimbo, kuna makelele. Anayeutafuta wimbo ni wa kushoto. Basi lishikeni hilo, maana mtu ninayetaka kuwaambia habari zake alilijua kuliko sisi sote, na kwa miaka mingi halikumsaidia kitu.

Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya katika mji mmoja ambao si huu, kwa hiyo msianze kutazamana. Mtu wa makamo, ana mke na mabinti watatu, na subira hakuwa nayo hata chembe. Chai ikichelewa kuiva, mguu wake unagonga sakafu. Mchungaji akirefusha mahubiri, vidole vyake vinacheza juu ya goti, na wa namna hiyo hata hapa mpo, nawaona. Lakini akishika gitaa anatulia mwili mzima, na watu wote wanatulia naye. Walikuwepo waliotoka mitaa ya mbali kuja ibadani kwa ajili ya vidole vile tu, na Mungu akawanasa humo humo.

Nyumbani kwake alikuwa ameanzisha desturi. Binti akiolewa, asubuhi ya kutoka, baba anakaa mlangoni na gitaa lake, anapiga, na binti anatoka ndani akipita katikati ya wimbo huo. Ndivyo alivyotoka wa kwanza, ndivyo alivyotoka wa pili. Wa mwisho alianza kuuliza habari za wimbo wake tangu akiwa mdogo wa kuburuta kanga ya mama yake, na baba alimwahidi kwamba wake utakuwa mpya, hajawahi kupigiwa mtu.

Watu walimsifu pia kwa malezi. Mabinti wale wakisalimia walipiga goti kidogo. Wakipewa kitu walipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, macho chini. Wageni wakisema, "Mzee, hapa umelea," yeye hucheka na kusema, "Na huyu mdogo alizaliwa mashoto, lakini nilimnyoosha." Wageni wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Binti anakusanya vikombe, anarudi jikoni. Mazungumzo yanaendelea.

Sasa, mwaka ule binti wa mwisho alipochumbiwa na siku ya harusi ikapangwa, kwaya ilialikwa mji wa jirani, wakakodi lori la kubebea vyombo. Vijana walikuwa wakibishana ni spika ipi itangulie kupakiwa. Yeye akaona wanamchelewesha. "Pisheni," akasema, "nyie mngepewa safina ya Nuhu, mvua ingewakuta bado mnabishana habari za twiga." Akaingiza mikono mwenyewe. Komeo la mlango wa nyuma wa lile lori lilikuwa halijakaa sawasawa, na bamba zima la chuma likashuka. Wa kulia aliwahi kuutoa. Wa kushoto haukuwahi.

Hospitali walifanya waliloweza. Alirudi nyumbani na kidole gumba na kidole cha shahada, na pale palipokuwa na vile vingine vitatu pana bendeji. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, tushukuru, mkono umebaki." Akajibu, "Nashukuru." Lakini alikuwa anajibu kwa mdomo tu. Ndani yake kulikuwa kunachemka, maana alishapiga hesabu yote akiwa bado kitandani: vilivyoondoka ni vile vilivyokuwa vinautafuta wimbo.

Kuanzia hapo nyumba ile haikupata raha. Hakai, hasimami. Anatoka uani, anarudi sebuleni, anafungua redio, akisikia gitaa anaizima, akiizima anaona kimya kinamtazama, anaifungua tena. Ule mkono aliutumbukiza kwenye mfuko wa koti, na koti lenyewe halivui hata jua likiwaka. Mwenyekiti wa kwaya akaja kumjulia hali, akazunguka na maneno weee, mwishoni akasema lililomleta.

"Mzee, kuhusu ile asubuhi ya kumtoa binti. Tulikuwa tunafikiri yule dada yetu wa kinanda asimame pale mlangoni."

"Anayeolewa ni mtoto wa nani?"

"Ni mwanao, mzee."

"Basi mwacheni dada yenu na kinanda chake."

Mwenyekiti akaaga. Na huyu mtu akabaki amekaa, mguu unagonga sakafu, kwa sababu ameshasema na hajui atafanyaje. Ahadi ni ya mtoto, siku inakuja, na gitaa liko ukutani linapata vumbi.

Ndipo likamjia. Kama wa kushoto hauwezi tena kutafuta, atafute wa kulia, na wa kushoto ufanye kazi ya kupiga. Vidole viwili vinatosha kushika kile kiplastiki cha kupigia. Akalishusha gitaa, akavua nyuzi zote, akazipanga upya, nene ikakaa ilipokuwa nyembamba na nyembamba ilipokuwa nene. Akaligeuza, shingo ikaelekea upande wa kulia. Akalipakata. Wapendwa, mtu aliyeishi na chombo kile karibu maisha yake yote alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

Hakutaka kusikiwa. Sebuleni hapigi, wageni wanapita. Kanisani ndiyo kabisa. Akaingia kwenye banda la kuku, akawatoa kuku nje, akafunga mlango, akakalia ndoo. Kuku wakasimama mlangoni wakilalamika kwamba wamenyang'anywa nyumba. Humo ndimo mwanamuziki yule aliyesifiwa mji mzima alimoanza kujifunza kupiga gitaa.

Na mkono wa kulia ukawa bubu. Mkono ule ule uliokuwa na mbwembwe zote, ukiambiwa bonyeza hapa unabonyeza pale. Ncha za vidole zilikuwa laini, zikachubuka. Akitaka kidole kimoja kinyanyuke, vinanyanyuka vyote. Lakini kilichomtia wazimu hasa kilikuwa ule wa kushoto. Ulikuwa hautulii. Akiupa kiplastiki, ukapiga kidogo, mara unaruka, unakimbilia kwenye shingo ya gitaa, ile shingo ambayo haipo tena upande ule. Unakwenda na vile visiki vyake kutafuta wimbo hewani. Anaurudisha. Unakwenda tena. Mkono ulikuwa haujaambiwa kwamba umekatwa.

Akaanza kuusemesha. Mwanzoni kwa utani, baadaye kwa hasira, na mwishowe kwa sauti ambayo kila aliye uani aliisikia. "Kaa hapo! Nimesema kaa hapo. Mkono mbaya wewe." Akauchapa kofi. Nje, jikoni, binti alikuwa anaosha sufuria. Sufuria zikanyamaza. Yeye hakugundua, alikuwa ana kazi na mkono wake.

Siku zikakimbia. Wimbo mpya alikuwa nao kichwani, mzima, mzuri kuliko vyote alivyowahi kutunga, na hakuna mkono wa kuutoa. Chakula kikawa kinamchosha. Mkewe akimwuliza jambo anajibu lingine. Akampigia mtu simu, akakata kabla haijapokelewa. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa hii: kwamba mtoto atatoka mlangoni kimya kimya, kama mtu anayefukuzwa.

Mchana mmoja akapata wazo. Akafungua mlango wa banda, akaita.

"Mama, njoo unisaidie." Alizoea kumwita binti yake mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Lete na kitambaa chochote kirefu."

Binti akaja na ukanda wa kanga kuukuu.

"Huu mkono hautaki kutulia," baba akasema. "Nifunge hapa kwenye kiwiko, ukibane ubavuni. Kiganja kiache huru. Ukishindwa kwenda huko unakokwenda, utajifunza kukaa."

Binti akasimama na ule ukanda. Baba akaona anachelewa, mguu ukaanza kugonga. "Fanya haraka basi, mama."

Akafunga. Na alifunga upesi ajabu. Akapitisha ukanda juu ya kiwiko, akauzungusha, akaupitisha chini ya kwapa, akauvuta mara moja, akaenda nao nyuma, akakaza fundo katikati ya mgongo. Halikuwa kwenye bega wala pembeni. Katikati kabisa, pale ambapo mkono mwingine haufiki.

Baba akajaribu kujinyoosha. Ukanda umemshika sawasawa. Akapeleka mkono wa kulia nyuma kulitafuta fundo, akapapasa juu, haufiki, akapapasa kwa chini, haufiki. Halafu akaacha kupapasa. Kwa mara ya kwanza tangu mlango wa lori ushuke, mtu yule alitulia. Alilitambua lile fundo. Alikuwa amelibuni mwenyewe, zamani, mezani, wakati wa chakula, kwa sababu mafundo ya mbele kulikuwa na mtoto mdogo akiyafungua kwa meno.

Akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka, "Fundo hili umejifunza wapi?"

"Kwako, baba."

Hakusema kwa kejeli. Alijibu kama mtoto aliyelelewa vizuri, macho chini.

Baba akakaa juu ya ile ndoo, amefungwa, gitaa mapajani. Kuku mmoja aliingia akatoka. Kisha akauliza swali la pili, na aliuliza kama mwanafunzi, kwa kuwa kweli alitaka kujua, siku zilikuwa zimemwishia. "Mama, niambie. Ilikuchukua muda gani mpaka mkono ukazoea?"

Binti akafikiri. Labda hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Haukuzoea, baba," akasema. "Ulinyamaza tu."

Nisikilizeni vizuri hapo. Huyu ni mtu aliyeishi kwa masikio. Angeweza kukwambia uzi mmoja umelegea hata kama wanapiga watu wengi. Na humo nyumbani mwake mna mkono umenyamaza miaka yote hiyo, hakuusikia.

"Nifungue," akasema.

Binti akazunguka nyuma yake. Akapeleka mkono wa kulia kwenye fundo, ndivyo alivyofundishwa, akahangaika nalo, likagoma. Baba akasikia vidole vinavyokosea, na aliijua kabisa sauti ya vidole vya namna ile, si ndiyo aliyokuwa akiisikia bandani kila siku?

"Tumia mkono wako," akamwambia.

"Upi, baba?"

"Wako."

Akabadilisha mkono. Halafu fundo likafunguka mara moja, na ukanda ukaanguka juu ya nyuzi, nyuzi zikatoa mlio. Baba alilia pale juu ya ndoo ya kuku, mtu mzima, na binti akasimama nyuma yake ameweka mkono begani, na huo mkono ulikuwa wa kushoto.

Mnataka kujua kama alipiga? Alipiga. Asubuhi ya harusi alikaa mlangoni, gitaa limegeuzwa, na koti amelivua. Ule wimbo mzuri wa kichwani aliuacha huko huko kichwani. Alipiga kitu kidogo, sauti tatu zinazozunguka, na ya pili ilikuwa inakosea kila ikifika. Mkono wa kushoto ukitaka kukimbia aliuacha ukimbie, akausubiri, ukarudi wenyewe. Watu wa kwaya walitazama chini kwa aibu kwa ajili yake. Yeye hakuona aibu. Binti alitoka taratibu, akipunguza hatua kila wimbo ulipojikwaa, akiungoja.

Na jioni ukumbini, zamu ya keki ikafika. Mnaijua ile zamu. Mshereheshaji akatangaza kwamba bibi harusi sasa anamlisha baba yake mzazi, na kwa kuwa wakwe wamekaa meza ya mbele na wanatazama, akaongeza, "Kwa mkono wa heshima, bibi harusi, kwa mkono wa kulia." Binti akachukua kipande kwa mkono wa kulia. Baba akamtazama, akatoa ule mkono wake mfukoni, wenye vidole viwili na visiki vitatu, ambao wengi ukumbini walikuwa hawajawahi kuuona ukiwa wazi, akaunyoosha mbele ya wakwe, kiganja juu.

"Nipe kwa wako," akasema, "mimi napokea kwa wangu."

Binti akahamisha kipande cha keki. Akampa kwa mkono wa kushoto, na yeye akapokea kwa mkono wa kushoto. Kwenye meza ya wakwe kuna mama mmoja alishusha kikombe. Keki ikaliwa.

Wapendwa, sisi tunafanya nini na habari hii? Najua kuna mzee hapa ameshanikunjia uso, anasema mchungaji leo anafundisha watoto utovu wa adabu. Baba yangu, sizungumzii vijiko. Wala sizungumzii mkono wa birika, huo nitausemea siku ya mavuno. Nazungumza habari ya masikio yetu. Tulisikia kimya tukakiita adabu. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali, siku hizi haulizi, nasi tunasema amekua. Mke aliyekuwa akiimba akipika, ameacha, tunasema ndoa imetulia. Kuna mama humu alikuwa akiomba kwa kulia na kutikisa mikono, sisi tulio mbele tukamkazia macho, sasa anaomba kimya kama sisi, na kwenye kikao tukapongezana kwamba ibada imekuwa na utaratibu. Imekuwa na utaratibu, au kuna mtu tumemfunga fundo mgongoni, pale ambapo mwenyewe hafiki?

Aliyeuumba mkono wa kulia ndiye aliyeuumba wa kushoto, na sijasoma mahali popote kwamba alipofika wa kushoto alikuwa amechoka. Yule mpiga gitaa riziki yake, sifa zake na nyimbo zake zote zilitoka kwenye mkono wa kushoto. Akaushukuru ulipokuwa wake, akaufunga ulipokuwa wa mtoto. Sisi je? Kipaji kikiwa chetu tunakitolea ushuhuda madhabahuni. Kikitokea kwa mtu mdogo, kimekaa upande tusiouzoea, tunatafuta kitambaa.

Na linalonikosesha usingizi ni hili. Ilibidi bamba la lori lishuke ndipo mtu yule aulize swali moja. Swali lenyewe ni dogo, angeweza kuliuliza mezani siku yoyote, kabla ya kuombea chakula: mwanangu, inakuwaje kwako? Hakuuliza kwa sababu alikuwa na haraka. Na sisi tuna haraka. Tutatoka hapa sasa hivi, wengine mmeshaanza kutafuta funguo za pikipiki mfukoni.

Nendeni. Lakini mkifika nyumbani, msimwulize mtu kama amezoea. Atawaambia amezoea. Kaeni nyuma yake kidogo, mtazame mgongo, na mkiliona fundo mtalijua, kwa sababu ni lenu. Basi mfungueni.